Mikwaruzo ya Mikononi Mwako

Itigi, Singida
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Derick,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, na natumaini huko Kigoma mnaamka salama, wewe na mkeo Belinda. Huku hatujambo. Miguu yangu inauma asubuhi, ikipata jua inatulia. Alizeti tumevuna, si nyingi, ila mafuta ya kula hatutanunua.

Sasa tuje kwenye swali lako. Umeniuliza kama mwanamume akipigwa na mkewe ana ruhusa ya kurudisha. Nimelisoma kwenye simu mara nyingi, na kila nikilisoma nazidi kuingiwa na wasiwasi. Mtu huomba ruhusa kabla ya kufanya jambo. Wewe umeandika kama mtu aliyekwisha kulifanya.

Baba yako mdogo Andrea hana shaka yoyote. Tukiwa tunakula alisema, "Mwanamke kamrukia, kamkwaruza, mlitaka amshukuru?" Nami sikatai, wanawake wenye mikono myepesi wapo. Jirani yetu Paskali unamkumbuka. Mkewe akilewa humfukuza na mchi wa kinu. Siku moja Paskali alimnyang'anya ule mchi, akamshika mikono yote miwili kwa nguvu huku akiita watu. Tulipofika akamwachia, akaenda kulala kwa kaka yake. Alitumia nguvu, ndiyo, na hakuna aliyemlaumu. Alizuia asipigwe, basi.

Ruhusa yangu inaishia hapo. Zuia, ita watu, ondoka. Kofi la kulipiza sikupi, hata uniandikie mara mia.

Ila kuna ile picha uliyonitumia ili nikuonee huruma. Nilikuonea kweli, mpaka nilipoiangalia vizuri. Unasema alikurukia usoni. Uso wako mzima, alama hata moja hakuna. Mikwaruzo yote iko kwenye vidole na nyuma ya viganja. Mimi nimewahi kumshika paka nimnyweshe dawa, najua mikono hukwaruzwa hivyo wakati gani. Ni pale unapokuwa umekamata, na uliyemkamata anahangaika kutoka. Ulikuwa umemkamata wapi, Derick?

Nikampigia Belinda. Belinda ninayemjua mimi huongea mpaka salio liishe, tena kwa kucheka. Safari hii alisema tu, "Niko salama, shangazi," na sauti ilikuwa imemkauka, anaitoa kwa shida. Nikakusikia nyuma ukiuliza ni nani huyo. Simu ikakatika. Labda ni mtandao. Mimi sidhani.

Naogopa, mwanangu, sikufichi. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya mama yake kule Kiomboi nikamwambia binti yake anakwenda kwa watu wema. Yule mama alinishika mkono, akaniamini. Kama nimekusingizia, nitakuomba radhi mbele ya ukoo wote na mbuzi nitachinja. Natamani sana nije nikuombe radhi.

Barua hii anakuletea mwanangu Frank, anakuja kwa treni. Nimemtuma yeye kwa sababu simu unaweza kuikata. Ukimaliza kusoma, mpe Belinda naye aisome yote, Frank akiwa amekaa hapo hapo. Belinda akitaka kuja huku kupumzika, Frank atarudi naye, na wewe utawasindikiza stesheni bila neno. Ukiona vigumu kumpa barua hii, usihangaike kuniandikia tena. Utakuwa umeshanijibu.

Andrea anakusalimu. Bibi yako Emiliana naye anauliza mtakuja lini; sijamwambia kitu. Mungu awatazame nyote wawili, na amkinge yule anayeumia.

Wako akupendaye, ingawa leo sikuamini,
Shangazi Severina