Fimbo Fupi za Mfadhili

Umoja, Jumapili alasiri, Novemba 1997

Shajara, leo upepo umegeuka na moshi wa jaa la Dandora umetufikia hadi huku Umoja. Nimefunga madirisha yote, lakini harufu ilikuwa imeshaingia kwenye mapazia. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu, lakini mimi siogopi mvua.

Naogopa jioni.

Jioni hii Musyoka, kijana wa miaka kumi na saba, kiongozi mkuu wa skauti wetu, anatakiwa kwenda kwa mtu mzima mmoja mwenye pesa na hasira kumrudishia zawadi yake. Ameambiwa aende peke yake. Nimechemsha chai nikasahau kuinywa. Naandika ili mikono ipate kazi.

Kikundi hiki sikukianzisha mimi. Mimi napakia biskuti kiwandani huko mtaa wa Baba Dogo, na zamani skauti nilikuwa nawaona tu wakipiga gwaride nje ya kanisa, nikisema hawa watoto wana nguvu za kupoteza. Mwanzilishi alikuwa Mzee Wafula, mfanyakazi wa reli aliyestaafu. Magoti yalipomshinda akarudi kwao Bungoma, akanikabidhi filimbi, fimbo yake ndefu na watoto wa watu. Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema, "Kwa sababu unasema sana. Hawa watakufundisha kunyamaza."

Mzee yule alikuwa na maneno. Vijana wananiita Madam ingawa sijawahi kushika chaki.

Aliniachia sheria mbili ambazo alisema nisiziguse hata nikikasirika. Ya kwanza ni ya baraza. Viongozi watano wa doria, vile vikundi vidogo vya skauti, hukaa chini ya tangi la maji nyuma ya ukumbi na kuamua mambo yote ya kikundi. Mtu mzima hukaa nao, hasemi, hapigi kura. Anaruhusiwa kuuliza swali moja tu, na akishauliza amemaliza. Mzee alinieleza hivi: ukizoea kuwaamulia wewe, siku moja atakuja mtu mwingine awaamulie, na watamtii kwa sababu wewe ndiwe uliyewazoesha. Sheria ya pili ni fupi. Kijana haendi kwa mtu mzima peke yake, awe mchungaji, awe chifu, awe mimi.

Kwa miaka miwili sheria hizo zimenitesa. Nimekaa chini ya tangi lile nikiuma midomo huku wakiamua kupiga kambi mahali ambapo hata mbuzi hawalali.

Sasa huyu mtu. Anataka udiwani, na mtaani kote anaitwa Mfadhili, jina analolipenda kuliko lake la ubatizo. Alikuja kwetu mwezi wa tisa na viatu. Viatu vyeusi vya ngozi, jozi kwa kila kijana, vimepigwa rangi hadi unajiona. Wengi wao walikuwa wakipiga gwaride na raba zilizotoboka, na Otieno, kiongozi wa doria ya vijana wa Dandora, alikuwa na akala za tairi. Siwezi kudanganya hapa. Nilipiga vigelegele siku ile, tena vya kutoka tumboni.

Halafu akaomba vijana wapange watu kwenye harambee ya kanisa. Wakapanga, na kila mtu akawasifu. Halafu akaanza kusema "vijana wangu". Mara ya kwanza nilidhani ulimi umeteleza. Alipoendelea kusema hivyo mbele ya watu, huku amemshika Musyoka begani, nilihisi baridi na jua linawaka.

Jana ndipo pikapu yake ilipokuja ukumbini na magunia matatu.

Dereva alisema ni fimbo mpya za skauti, na kwamba Jumamosi ijayo vijana wavae sare, wazichukue, waje uwanjani kulinda amani. Akaondoka kabla hatujajibu. Vijana wadogo walishangilia wakafungua gunia, na Otieno akachomoa moja, akaisimamisha kando yake kama tunavyosimamisha fimbo zetu kila tunapofunga gwaride.

Ilimfika kwenye nyonga.

Fimbo ya skauti hufika begani. Zetu zina alama tulizochoma kwa msumari wa moto, ili upime kina cha mto kabla hujaingia. Ukichukua mbili na mashati mawili unapata machela ya kumbebea mgonjwa. Hizi fupi hazikuwa na alama. Zilikuwa nzito, na mwishoni kila moja ilikuwa na kitanzi cha ngozi.

Baba yake Musyoka ni mchongaji, na kijana amekulia kwenye vumbi la mbao. Aliingiza mkono kwenye kile kitanzi, akakaza ngumi, kisha akautoa upesi.

"Madam," akasema polepole, wadogo wasisikie, "hii wameweka kamba ndio isikutoke mkono ukichapa mtu. Na Jumamosi hiyo ground si yake. Ni ya mkutano wa yule mpinzani wake. Kwaya ya wamama wa kanisa ndiyo itaimba huko."

Nilitaka kupakia magunia yale kwenye mkokoteni papo hapo nikayatupe. Kweli kabisa, nilishaanza kukunja mikono ya blauzi. Lakini Musyoka alikuwa ameshapiga filimbi ya baraza, na sheria ni sheria. Nikaenda nikakaa juu ya jiwe langu, mdomo nimeufunga.

Mwanzoni ilienda vibaya. Otieno ndiye aliyeanza. "Huyu buda tumevaa ndula zake. Tumekula mandazi yake. Sai tukimkatalia tutakaa aje? Si atasema sisi ni wakora?" Mwingine akasema si lazima wampige mtu, watasimama tu, wataonekana wako wengi, basi. Vichwa viwili vikatikisika kukubali. Musyoka alikuwa akitazama viatu vyake.

Nilikuwa na hotuba nzima. Nilikuwa na matusi pia, ya kwetu, ya zamani. Lakini nilikuwa na swali moja tu, na nikikosea kulichagua nimewapoteza.

Nikauliza: "Jumamosi mama zenu wakisimama jukwaani kuimba, ninyi mtakuwa mmesimama wapi, na mkononi mmeshika nini?"

Pengine Mzee angesema hayo ni maswali mawili. Hakuna aliyelalamika. Mama yake Otieno huimba sauti ya kwanza katika kwaya ile. Kisha wakapiga kura. Mikono minne ilikataa fimbo. Otieno hakuinua mkono upande wowote. Wakakubaliana kwamba Musyoka, kwa kuwa ni kiongozi mkuu, ndiye atakayezirudisha na kusema asante, hapana.

Niliwaonea fahari mpaka machozi yakanitoka. Nililala vizuri jana.

Leo asubuhi baada ya ibada Mfadhili alinifuata pale langoni mwa kanisa, amevaa suti ya kijivu, tabasamu limejaa uso. Akanipa mkono wa kushoto. Wamama waliokuwa karibu wakakunja uso, maana nani humsalimu mtu mzima kwa kushoto? Mimi nilielewa. Skauti husalimiana kwa kushoto, na alitaka nijue kwamba yeye pia ameshajifunza mambo yetu.

"Hongera, Madam," akasema. "Nasikia siku hizi demokrasia imefika hadi chini ya tangi la maji."

Hakuna aliyekuwa chini ya lile tangi ila sisi sita.

"Mwambie Musyoka anirudishie mwenyewe jioni, nyumbani kwangu. Aje peke yake. Hayo mengine tutaongea kiume." Mkono wangu aliuachia polepole sana. Nikatabasamu. Mpaka sasa sijui kwa nini nilitabasamu, na najichukia kwa hilo.

Nilimwendea mchungaji. Akaniambia nisimkorofishe mtu aliyeahidi mabati ya paa la kanisa. Polisi? Gari la Mfadhili huegeshwa mbele ya kituo mara nyingi kuliko mbele ya nyumba yake. Nikarudi nyumbani, nikaanza kufikiri ni mtoto gani aliyempelekea maneno yetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliwapitisha wote watano kichwani, mmoja mmoja, nikawashuku wote, na hilo liliniuma kuliko ule mkono wa kushoto. Nimewaamini vijana hawa hata kuwakabidhi ufunguo wa ukumbi. Kwa asubuhi moja tu mtu yule amenifanya niwatazame kama wezi.

Muda mfupi uliopita mlango umegongwa. Alikuwa Otieno, amevaa akala zake za zamani, viatu vyeusi amevishika mkononi kwa kamba.

"Ni mimi, Madam," akasema kabla sijamkaribisha. "Jana nikifika home nilipata msee wa Mfadhili amekaa kwetu. Anakunywa chai na mathe. Anamwita mama. Akaniuliza tu pole pole, mmesema aje? Nikamwambia. Akaniangalia miguu, akasema, ndula zimekufit poa, wewe na mathe wako mkae tu vizuri. Hakunitisha, Madam. Lakini nililala nikiwa nimeegemea mlango."

Nilimkalisha, nikampa ile chai yangu iliyopoa. Hasira zote ziliniisha. Mimi mwenye miaka arobaini na mshahara nilitabasamu langoni mwa kanisa. Yeye ana miaka kumi na sita na alimkuta mgeni ameketi na mamake.

Musyoka ameingia tukiwa hivyo, amepiga pasi sare yake, skafu imekaa sawa. Nikamwambia wazi kwamba haendi peke yake, hilo halina baraza. Ile ni sheria ya pili, na sheria ya pili haipigiwi kura. Nitakwenda naye mimi, wengine wabaki majumbani mwao wafunge milango. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akaniambia, "Sawa, Madam. Wewe utakuja. Lakini hao wengine wako hapo nje, na tuko watano. Hiyo ni baraza."

Kweli walikuwa pale kwenye ngazi, wote wamevaa sare. Wakakaa palepale mlangoni pangu, bila kuniomba ruhusa, wakaanza. Musyoka alisema yule mtu anataka mmoja, na mahali pasipo na macho ya watu. Basi waende wote, sasa hivi kabla giza halijaingia, wapitie barabara ya maduka ambako kila mtu yuko nje Jumapili, wabebe magunia wakiimba, wayaweke kwenye lango lake na wasiingie ndani. Otieno akaongeza kwamba viatu vyao watano pia virudi. Vyote. Mmoja aliguna, ni vizuri viatu vile, hata mimi nimeguna moyoni.

Nilitaka kuuliza mengi. Je, akifungua lango? Je, wale vijana wake wengine, ambao hawana baraza wala Madam, wakiwa ndani wanangoja? Je, kesho, na Jumamosi, na mama yake Otieno? Nilifungua mdomo, na Musyoka akanitazama kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mama yake kitu.

"Swali lako uliuliza jana, Madam. Hii ni kesi ile ile."

Mikono mitano imeinuliwa. Mkono wa Otieno ulikuwa wa kwanza.

Sasa wako uani wanavua viatu na kuvifunga kwa kamba, jozi kwa jozi. Wawili wamebaki na miguu mitupu. Wana fimbo zao ndefu, zile za alama, nami nimeshika ya Mzee Wafula. Kule mwisho wa barabara naona pikapu imesimama tangu nilipoanza ukurasa huu, na dereva hajashuka. Moshi wa Dandora umezidi, taa za madukani zinawashwa mapema. Mzee alitaka nijifunze kunyamaza. Nimejifunza, Shajara, na sijawahi kuogopa hivi maishani mwangu.

Wanaimba. Wananiita nitoke.

Nakuacha wazi hapa mezani. Nikirudi nitaandika majina yao matano, na Mungu anisaidie niyaandike yote.