Difu ya Dhari

Alhamisi, 4 Januari
Leo nimewafunga midomo barazani. Wote wanajifanya mafundi! Nikawaambia: gari lenye nguvu kama langu, na ndilo la kila siku, difu ya kawaida ya nini? Ukikanyaga mafuta gurudumu moja linazunguka bure, jingine linatazama. Weka difu ya kubana, inayolazimisha magurudumu yote mawili yasukume. Ya sahani? Inabana, sikatai — lakini ukikata kona polepole pale shuleni inagonga kama sufuria. Ya gia ndiyo yenyewe. Kimya, laini, hata mama mkwe hashtuki.

Dhari, mwenzetu wa baraza, akanipeleka gereji kwake, akafungua sanduku. Ya gia! Mpya, aliiagiza Japani tangu kiangazi. Nikaisifu mpaka koo likakauka. Akaniita kwa heshima, Bu Fahad, yaani baba Fahad: wallahi ni yako, chukua.

Ijumaa, 5 Januari
Nimechukua! Hata mtoto wa chekechea hapa Kuwait anajua: ukisifu kitu, mwenyewe anakupa, unakataa, anaapa, unakataa tena, mnakunywa chai, kitu kinabaki kwake. Mimi nikasema Mungu akuzidishie — nikabeba. Dhari alinisaidia kufunga buti. Anatabasamu, masikio mekundu.

Lulwa, mke wangu huyo: "Umemwibia mtu kwa adabu yake."

Nikacheka. Nikausukuma wali pembeni.

Jumanne, 9 Januari
Imefungwa. Ee Mola, utamu wake! Gari limeng'ang'ania lami kama ruba. Watoto nyuma hawakuamka.

Nikarudi kwa njia ndefu, nisipite kwa Dhari.

Jumatano, 10 Januari
Nimempigia Dhari: nikurudishie? Akawaka: "Unataka kunivunjia heshima, bwana wee? Zawadi hairudi!" Kuirudisha tusi. Kukaa nayo wizi. Mjanja mimi!

Ijumaa, 12 Januari
Mvua. Dhari kakwama matopeni, njia ya kambi yao ya familia jangwani — gurudumu moja linazunguka bure. Kaniita mimi! Naandika kwenye simu, yeye anafunga kamba.

Mama yake nimemhamishia kwangu, kiti cha mbele, abaya imelowa. Kasifu gari, limetulia. Halafu: "Mwanangu, Dhari aliniahidi mwaka huu hatukwami tena. Kuna kitu aliagiza. Wewe fundi wa baraza zima — kilifika?"

Dhari anapunga mkono: vuta!

Bibi bado ananitazama.