Mawe Matatu ya Shambani

Dutwa, Januari

Mwangaluka, dada Kija,

Hatujambo. Matokeo ya kidato cha nne bado hayajatoka. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Mwezi wa kumi baba aliita gari la kunyonya vyoo kutoka mjini, likamwaga tope shambani liwe mbolea. Majirani walicheka: "Ngassa analima choo!" Baba akawajibu, "Mtakuja kuniomba unga."

Dereva aliniambia, "Binti, toa hayo mawe, yatanitobolea tairi." Baba hakujua ni ya nini, maana mwanao alizikwa pale na wanawake tu, kama kichanga chochote. Bibi hayupo tena, tunaopajua ni mimi na wewe. Niliona haya kusema mbele ya wanaume, nikayatoa. Tope likapita juu ya mwanao.

Mahindi ya pale yameyapita mengine yote. Hata upepo ukitulia, nayaona yanatikisika.

Uliomba mahindi mabichi, na baba amekuchumia yale yale kwa kuwa ndiyo manono. Barua hii nimeishonea mdomoni mwa gunia uione kwanza. Usiyachome, dada.

Mawe ninayo chini ya kitanda. Njoo tuyarudishe.

Mdogo wako niliyekukosea,
Milembe