Mwalimu Tuliyemsifu Mbele ya Mgeni

Jumapili, 7 Septemba 2025

Afisa wa elimu kutoka Nairobi anakuja Jumatano! Adeer Yarrow, mzee wetu na mwenyekiti wa kamati ya shule, amepita nyumba kwa nyumba. Mgeni kuondoka bila kuchinjiwa ni aibu ya kijiji kizima, anasema. Mimi nimetoa beberu. Akishiba atatusikia. Atatupa walimu, inshallah.

Hali yetu Allah anaijua. Walimu wa bara walihamishwa wote, eti usalama. Shule imebaki na mwalimu mkuu Abdiwali peke yake. Kama si Salah, Gredi ya Tisa ingekuwa imekufa. Salah ni wa kaunti, kazi yake chekechea. Wadogo wakienda nyumbani saa sita, anawaita wakubwa darasani mwake, hesabu na sayansi mpaka alasiri. Bure. Ikran wangu yumo. Mtihani ni mwezi ujao. Rage, babake, yuko malishoni upande wa Diff na amesema wazi: mwalimu akikosekana, msichana aje achunge mbuzi.

Jumatano, 10 Septemba

Moyo unauma. Niandike tu.

Mgeni alikaribishwa vizuri. Maini, paja, maziwa ya ngamia. Akasema chakula hiki, hapa nitaoa! Tukacheka. Ndipo Adeer Yarrow akainuka, akamshika Salah mkono kama bwana harusi. "Mheshimiwa, huyu ndiye brofesa wetu! Ni wa chekechea, lakini Gredi ya Tisa yote ni yake!" Kwetu mtu mwema husifiwa mbele ya mgeni. Sisi akina mama tukamwimbia buraanbur, utenzi wetu wa wanawake, jirani yangu Arbia akitunga sifa papo hapo, mimi nikipiga makofi hadi viganja vikawaka. Abdiwali alikuwa akitukonyeza tunyamaze. Tulidhani ameingiwa na vumbi jichoni.

Mgeni akaacha kutafuna.

Wa kaunti? Kwa ruhusa ya nani? Akatueleza kama watoto: chekechea ni ya kaunti, kuanzia gredi ya kwanza ni ya serikali kuu, na mtu wa kaunti haruhusiwi kugusa. Nikasema, basi tuletee wako. Akasema, mama, hilo ni la wakubwa wangu. Akamwamuru Salah aache, leo leo.

Nyama iliyobaki tukamfungia, akabeba. Ndiyo desturi, tungemnyima vipi?

Alhamisi, 11 Septemba

Ikran amerudi saa sita. Amelala akitazama ukuta. Hasbunallah.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilijipa moyo: kaunti ni yetu. Wale wa Nairobi hawatujui, lakini hawa ni watoto wetu, tumewapigia kura juani. Watamtetea Salah.

Leo wamekuja. Fowsiya, binti wa jirani yetu wa zamani kule Griftu, siku hizi ana ofisi na miwani. Akanikumbatia, Eedo, Eedo, shangazi yangu, akauliza habari za mbuzi, akauliza mvua. Kisha akatoa kufuli.

Darasa ni mali ya kaunti, anasema, la chekechea tu. Saa sita lifungwe. Nairobi wamelalamika, wakubwa wake hawataki ugomvi. Na Salah achague: wadogo peke yao, au afutwe. Nikamwuliza, Fowsiya, hawa wengine wakae wapi? Juani?

"Eedo, hao si wetu."

Si wetu! Ikran alipozaliwa, aliyempokea ni mama yake huyu huyu Fowsiya! Yule wa Nairobi sikumtegemea sana. Huyu nilimtegemea, na bado nasikia manukato yake kwenye ushungi wangu.

Jumanne, 16 Septemba

Adeer Yarrow hajatoka nje tangu jana, hata msikitini. Nimempelekea chai. Anasema wallahi, nilitaka wamwongezee cheo. Chai ikapoa.

Ijumaa, 19 Septemba

Rage amepiga simu asubuhi. Lori la mbuzi linapita hapa Jumapili, Ikran awe juu yake. Nimesema netiweki mbaya, nikakata. Allah anisamehe.

Baada ya sala, maalim wa duksi, chuo chetu cha Qurani, alimwambia Salah mbele ya watu wote: hapa tunafundisha Qurani, hapana serikali hapa, leta watoto wako. Ametoa mbao za zamani za kuandikia aya. Tumeziosha kwanza, maji tukayamwaga pasipokanyagwa na mtu. Sasa zina hesabu. Mimi niko mlangoni nalinda, daftari gotini, mwandiko umepinda. Ndani Salah anauliza kwa sauti ya chini. Ikran anajibu. Anajibu haraka!

Gari. Vumbi upande wa barabara ya Hadado. Jeupe. La kaunti au la Nairobi? Yote ni meupe.

Ikran amechungulia: hooyo, mama, tufute? Salah yuko nyuma yake, vidole vyeusi kwa mkaa, ananitazama mimi. Nimewaambia waendelee. Nimevuta pazia.

Ameshuka mwanamume mmoja, simjui. Salamu hakuna. Anauliza, nani anafundisha hapa?

Nimesema ni mimi.

Amesimama kando ya gari, anaongea kwa simu, ananikodolea macho. Nami naandika tu, kichwa chini, kama mwalimu anayesahihisha —