Siku Niliyoingia Kikaoni na Chupa ya Chai

Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Vioo.
12 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na huo ubaridi wa huko, bado unalala na soksi? Sisi tu wazima, ila Mama anakohoa na hataki kusikia habari za daktari. Unamjua wifi yako.

Nakuandikia kukushukuru, tena kwa furaha kubwa.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kwamba wizara ikitaka ushauri wa maji humpigia mkuu wa idara yetu chuoni, naye humwita rafiki yake, rafiki naye mwenzake? Sisi wanawake wanne tunapima, tunaandika, halafu wanaume wanafunga tai na kwenda kuzungumza. Nikiuliza, naambiwa wizara haina mazoea nasi. Mazoea watayapata wapi na hatuitwi?

Basi Jumatano iliyopita, kwenye kikao cha wizara, ilifika zamu ya ripoti yangu ya visima vitatu nyuma ya kiwanda cha ngozi. Maji yake yana sumu, Shangazi, na mtaa mzima unayanywa. Siku hiyo ndiyo wangeamua wavifunge na kuvuta bomba, au waviache. Mkuu akaibeba ripoti, akaenda. Mimi nikabaki maabara nikisugua vyombo kwa hasira.

Saa tano simu ikalia, ni mkuu. Katibu mkuu wa wizara alikuwa amemuuliza kama sampuli zilichukuliwa kabla ya mvua au baada, jamaa akababaika. "Njoo haraka, na madaftari yako!" Nikatoka mbio, koti la maabara mwilini, kandambili miguuni.

Mlangoni mhudumu akaona koti jeupe, akafurahi kweli. "Afadhali umefika, wanaulizia chai." Akanibebesha chupa. Jamani! Nikaingia nayo. Wanaume kumi na mmoja, hakuna aliyeinua macho. Nikaitua mezani, nikavuta kiti, nikaketi, nikafungua daftari. Mkuu akasema, "Huyu ndiye aliyeandika ripoti." Hapo macho yote yakainuka!

Nilizungumza dakika arobaini. Kila swali, daftari lina jibu: siku, saa, mvua, hata nani alishika kamba ya ndoo. Ulinifundisha wewe hayo, nilipokuwa nakuja maabara kwako wakati wa likizo, ukinifokea nikiacha mstari mtupu. Nilikuona mkorofi. Nisamehe, na ahsante, ahsante sana.

Visima vimefungwa. Jana nimewaona mafundi wakichimba mtaro wa bomba. Mkuu naye ameniomba radhi, kwa shingo upande, lakini ameomba, na orodha ya washauri sasa ina majina yetu sote wanne.

Kuna jingine. Katibu mkuu aliuliza utaratibu huo wa daftari nimeupata wapi. Nikasema ni wa mama mmoja aliyepima maji ya serikali miaka ishirini na sita, majibu yake yakisomwa na wengine humo humo ndani, mwenyewe hajaitwa hata mara moja. Akaagiza jina lako liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Limo ukurasa wa pili, lote kamili, na cheo chako. Nakala nimeitia humu kwenye bahasha.

Nisalimie mzee wako na mapacha. Mola akuzidishie siku, tuonane tungali na nguvu za kucheka. Baba anakusalimu. Alipoisoma ile karatasi alivua miwani, akaenda kukaa uani peke yake, kisha akarudi kuniomba nimsomee tena hapo penye jina la dada yake.

Wako akupendaye na kukushukuru,
Machachari, mtoto wa kaka yako