Kidevu Kilichozidi Mdomo

4 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo, wewe na wenzako wa makumbusho? Mimi mzima. Kikohozi kilikuja, kikanikuta nimesimama, kikarudi kilikotoka. Bibi yako anasema nipunguze kujisifu. Nimekataa.

Umesoma mifupa miaka yote hiyo, haya, pokea kichwa. Nimekitoa kwenye jiwe machimboni kwa mkono wangu, hakina hata ufa. Ng'ombe namjua, mbwa namjua. Huyu simjui, kwa hiyo hajulikani. Ila taya la chini lilikuwa na kosa, lilichomoza mbele ya la juu. Nimelikata kwa msumeno wa mawe, sasa midomo iko sawa. Sitoi kazi iliyopinda mimi.

Babu yako, fundi

19 Machi

Shikamoo babu,

Mimi sijambo, ila nilipofika kwenye msumeno nilikaa chini. Babu jamani!

Huyu ni mnyama wa bahari ya kale iliyogeuka jiwe huko kwenu, wa jamii ya pomboo, wale wa uso mfupi. Meno yake ni bapa kama visepetu, na mbele ya tundu la pua fuvu lina vinundu. Lakini jamaa zake wote mataya yao yamelingana. Kama lake lilizidi kweli, ni jenasi mpya, ukoo wake peke yake, na mimi ndiye nitakayeupa jina! Alama ya msumeno haisemi liliendelea hadi wapi. Mwezi wa tano ukiisha bila kipande hicho, mkuu wangu anamwingiza kwenye jenasi ya zamani. Anasema unatupiga kamba. Kiko wapi?

Mjukuu wako

2 Aprili

Mjukuu,

Kelele zako zimefika, na afya yangu haijatetereka. Kipande kiko ndani ya ukuta wa sebule, ncha tu iko nje, natundikia kofia. Jirani yangu anayejiita fundi hapiti bila kukikodolea macho. Ukuta ule sivunji! Halafu niambie, mnyama mwenye kidevu kirefu hivyo anakula vipi? Si kila saa anajichoma mchangani?

Babu

11 Aprili

Shikamoo babu,

Mko salama? Umejijibu mwenyewe! Nadhani kujichoma mchangani ndiyo ilikuwa kazi yake. Ulipokata nimeona vijitundu tele vya mishipa ya fahamu. Alikuwa akipapasa matope gizani kwa kidevu, akitafuta samaki waliojificha, kama wewe unavyofumba macho ukapitisha kidole gumba kwenye plasta na kujua palipobonyea.

Ukuta ni wako, babu. Sikulazimishi.

Mjukuu wako

29 Mei

Mjukuu wangu mpenzi,

U mzima? Usidhani nilinuna. Nilifumba macho, nikaipapasa ile ncha. Vijitundu, mama! Kama vya sindano!

Nimekitoa kwa patasi, taratibu, bibi yako akishika ngazi huku anacheka mpaka ngazi inacheza. Jirani akauliza lile pengo ni la nini. Nikamwambia dirisha. Nimechelewa kwa sababu saruji yangu ni ngumu. Yake ingeachia siku hiyohiyo.

Posta siwaamini. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya makumbusho yenu. Mlinzi hanifungulii, eti nimebeba jiwe. Nampa karatasi hii akuletee. Kidevu hapewi mtu. Shuka na kichwa, na huyo mkuu wako mshike mkono. Vikiungana, nataka niutazame uso wa mkuu huyo.

Fanya haraka, mlinzi mwenyewe ameanza kuomba akishike.

Babu yako, niko getini