Mlango wa Dirisha la Bibi Kuo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hsiao Chin-shui
Umri: Miaka 63
Kazi: Muuza chaza wa kukaanga na mayai, sokoni. Zamani mpishi wa meli.
Makazi: Yancheng, Kaohsiung, kichochoro kimoja na nyumba ya mlalamikaji

Naeleza kwa hiari yangu mbele ya Konstebo Yen. Shule niliishia darasa la sita, lakini nimepika katika meli za mizigo, na hakuna bandari kubwa duniani ambayo sikuacha watu wanalamba sahani. Konstebo ananiambia niingie kwenye jambo lenyewe. Naingia.

Tangu mwezi Julai mimi na Mwalimu Liao Su-ching, anayetuhumiwa, tunasoma kozi fupi ya kuchomelea vyuma kila Jumamosi kwenye karakana ya Fundi Pan. Hakuna anayetafuta ajira pale. Mwalimu Liao anafundisha shule ya msingi, yumo daktari wa meno, nimo mimi. Tunachomelea kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda karata. Mshono wangu wa kwanza ulijaa madonge kama kinyesi cha kuku; Fundi Pan aliutazama akauliza, "Kaka Shui, huyu kuku amekula nini?" Siku hizi mshono wangu umelala kama magamba ya samaki. Wa Mwalimu Liao ni mzuri zaidi, na hilo nalisema kwa sababu tu niko polisi.

Mnamo tarehe 29 Septemba 2023, sikukuu ya Mwezi Mpevu, kila nyumba ilikuwa imetoa jiko nje inachoma nyama. Sisi wa kozi tulikuwa mlangoni kwangu, na jiko tulilolichomelea wenyewe, limeinama kidogo upande lakini linaivisha. Ng'ambo ya kichochoro, Bwana Tu Ming-te, mwenye nyumba na mlalamikaji, alikuwa anachoma na jamaa zake palepale penye mlango wa ngazi.

Yapata saa moja na nusu jioni cheche za jiko lake zilishika turubai la pikipiki chini ya ngazi. Moshi wote ukapanda juu kupitia ngazi, njia pekee ya kutoka. Juu anaishi Bibi Kuo, mpangaji wake, miaka 84, peke yake. Tuliona uso wake kwenye grili ya dirisha.

Grili ile ina mlango mdogo wa kutokea. Mwaka jana Bwana Tu aliufunga kwa kufuli, kwa sababu Bibi alikuwa akiteremsha kikapu kwa kamba kununua mboga, na Bwana Tu akasema anaifanya nyumba ionekane ya watu wenye njaa. Kufuli akalifungia ndani ya kisanduku cha chuma kinene, mwizi asilifikie.

Nikamwita, "Bosi Tu, ufunguo!"

Akasema, "Uko nyumbani kwangu, mbali, Fengshan. Moto wenyewe mdogo, tunaumwagia maji."

Nikamwambia, "Na moshi je? Au Bibi avute harufu ya soseji zako?"

Mwalimu Liao hakubishana na mtu. Alichukua grenda yangu ya kukatia chuma, akaegemeza ngazi yangu ya mbao ukutani, akapanda mpaka paa la bati la duka lililo chini ya dirisha. Nilishika ngazi na waya. Nilimsikia akisema, "Bibi, jifunike taulo la maji, geukia ukutani, cheche zitaruka."

Bibi akajibu, "Kata, mwanangu. Mahubiri baadaye." Akakohoa, kisha hakusema tena. Mimi nimepita kwenye dhoruba nyingi baharini. Niliendelea kushika ngazi.

Nilipiga kelele akate kufuli. Hakunisikiliza, na alifanya vizuri, maana kile kisanduku tungekuwa tunakikata hadi leo. Alikata bawaba. Mlango ukalegea, akauvuta, akamtoa Bibi. Nikampokea mimi. Ni mwepesi kuliko ndoo ya chaza.

Bwana Tu chini alikuwa anapayuka, "Mnaniharibia nyumba! Mafundi wa Jumamosi nyie!"

Zimamoto walipofika, moto ulikuwa umeshazimwa. Ni kweli, sifichi. Ndiyo hoja yake yote: moto ulizimika, kwa hiyo haikuwa lazima kukata. Bibi Kuo alilala hospitali na mrija wa hewa puani. Hoja hiyo akamwelezee yeye.

Tarehe 30, Jumamosi, tuliupeleka ule mlango darasani kwa Fundi Pan. Tukauwekea bawaba mpya na komeo la kufungua kwa ndani, bila kufuli. Jioni Bibi alirudi, tukaupachika yeye akitusimamia na kutukosoa.

Tarehe 1 Oktoba, saa nne asubuhi, Bwana Tu alikuja na fundi wa kukodi auchomelee mlango kote, usifunguke tena. Nilikuwepo. Bibi Kuo alipitisha mkono wake mlangoni hadi begani, akashika fremu, akamwambia fundi, "Anzia hapa." Fundi aliutazama ule mkono. Akakunja waya zake akaondoka. Ndipo Bwana Tu akaja hapa kumshtaki Mwalimu Liao kwa uharibifu wa mali.

Mwalimu Liao akitiwa hatiani, shule itamwachisha kazi. Bwana Tu anajua hivyo, ndiyo maana ametaja jina lake peke yake. Grenda ni yangu. Umeme ni wangu. Bawaba mpya nimechomelea mimi, na mtu yeyote aje aining'inie aone kama itakatika. Bwana Tu akiuziba mlango ule Jumatatu, Jumanne nitapanda na grenda mchana kweupe, na Konstebo anaweza kuja kunishikia ngazi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, na sirudishi hata neno.

Sahihi: Hsiao Chin-shui

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akakiri ni sahihi. Nilimshauri aondoe sentensi inayohusu Jumanne, amekataa. Nimefika eneo la tukio na kukagua dirisha. Bibi Kuo amefungua mlango kwa kidole kimoja mbele yangu. Mlango huo nimeuandika kuwa kielelezo. Mlalamikaji amejulishwa kwamba haruhusiwi kuuchomelea, kuufunga wala kuugusa hadi shauri hili liishe.

Konstebo Yen Po-jui